Kuunganisha laptopu na plota na AIS kwenye boti bila kuunguza kitu

Kijana_wa_Msasani:

Habari wakuu. Nipo kwenye boti ya uvuvi wa wageni hapa Dar, faiba ya futi 32, injini mbili za nje, betri mbili za volti 12. Wageni wakitaka kisiwa cha Latham tunatoka usiku, na huko tunakatiza njia ya meli zinazoingia bandarini. Bosi kanunua kipokezi cha AIS (zile ishara za redio ambazo meli hutangaza jina lake na mahali ilipo), sasa ameleta laptopu yake ya zamani anataka meli zote zionekane kwenye OpenCPN, programu ya ramani za bahari, maana plota yetu (kile kioo cha GPS na ramani) ni Garmin ya siku nyingi, kioo chake hakizidi kiganja.

Laptopu naichaji kwa inveta ndogo iliyochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara. Kariakoo nimepata kebo ya USB yenye kichwa cha pini 9, nilitaka niikate niunge na waya wa bluu wa plota. Kabla sijakata, kuna vitu vitatu vinanitia shaka:

Inveta ikiwaka, ukipitisha mkono wenye maji ya chumvi kwenye ukingo wa laptopu (ni wa bati) unahisi kama sisimizi wanatembea. Kichwa cha kebo kikigusa kichwa cha bolti pale kwenye paneli, kinatoa cheche ndogo, unaisikia "tch". Na redio ya VHF inaanza kuvuma kwenye chaneli 16, hata ukikaza skwelchi (kile kitufe cha kukata mvumo) haiishi.

Mwenzangu anasema ni kawaida, niunge tu. Wajuzi mnasemaje?

Baharia_Huru:

Unga mkuu, usiogope. Mimi nimetumia kebo ya aina hiyo kwa plota na GPS, waya miwili tu, inapiga kazi mpaka leo. Hizo volti 12 haziui mtu.

Fundi_Raskazone:

Kijana, shaka yako ina maana, usikate hiyo kebo kwanza. Na kaka Baharia, kwako inapiga kazi kwa sababu waya zako za hasi bado ni nzima. Siku waya mmoja ukioza ndipo utajua ulichounga.

Nianze na sisimizi. Chaja ya laptopu ndani yake ina kapasita zinazounganisha upande wa umeme mkubwa na upande unaokwenda kwenye laptopu. Zimewekwa makusudi kupunguza kelele. Chaja ikiwa haina ethi, na kwenye inveta ndogo ethi haipo kabisa, umeme kidogo sana unavuja mpaka kwenye bati la laptopu. Weka mita kwenye AC, waya mmoja kwenye bati la tundu la USB, mwingine kwenye hasi ya betri. Usishangae kuona makumi ya volti. Mkondo wenyewe ni mdogo, hauwezi kukutupa chini. Lakini ile cheche uliyoiona ni umeme huohuo unatafuta njia, na ukichomeka kebo, njia yake ya kwanza itakuwa ndani ya chipu ya plota, ambayo ilitengenezwa kupokea volti chache tu.

Hilo ndilo dogo. Kubwa ni hasi.

Kuna boti niliitwa kuiangalia huku Tanga. Laptopu ilikuwa inachajiwa kwa chaja ya gari moja kwa moja kutoka volti 12, kebo ya data imeungwa kienyeji kama unavyotaka kuunga wewe. Wanasema plota ilikuwa inafanya kazi vizuri, ila kebo ya USB "inapata joto". Nikafungua paneli. Ule waya mweusi wa plota, pale kwenye terminali, umekuwa unga wa kijani mtupu, ukiuvuta unakuja na kichwa chake. Sasa jiulize: plota inawakaje bila hasi? Ilikuwa inapata hasi kupitia waya wa data: plota, kebo, USB, ubao wa laptopu, chaja, halafu betri. Umeme ni kama maji ya mvua, ukiziba mtaro yanapita sebuleni. Plota inakula ampea moja au zaidi na ule uzi wa ndani ya kebo ya USB ni mwembamba kuliko mshipi wa kuvulia changu. Plastiki ilikuwa imeshaanza kulainika na tundu la USB limekuwa jeusi. Fyuzi ya plota haikukatika, kwa sababu kwa upande wake hakuna kilichozidi.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: laptopu na boti zisishirikiane waya wowote wa shaba isipokuwa ule wa kuchajia, na huo nao uwe kwa mpango. Data ivuke bila shaba. Hili si jambo la ajabu. NMEA 0183, yaani lugha ambayo vyombo vya boti hupeana data, yenyewe inataka chombo kinachopokea kiwe kimetenganishwa, yaani ishara inageuzwa kuwa mwanga kwenye kichipu, inaruka nafasi, upande wa pili inageuzwa tena kuwa umeme. Plota na otopailoti (usukani unaojiongoza) nyingi wanafuata. Laptopu haifuati, kwa sababu haikutengenezwa kwa ajili ya boti. Kebo yako ya Kariakoo nayo haina kitu hicho ndani, hasi ya USB imeshikana moja kwa moja na pini namba 5.

Tafuta adapta ya USB ambayo kitabu chake kinasema wazi kwamba imetenganishwa, na kinataja volti za kutenganisha, 1500 au 2500 au zaidi. Actisense wanayo ya NMEA 0183 inaitwa USG-2, na ya NMEA 2000, ule mtandao mpya zaidi wa vyombo vya boti, inaitwa NGT-1. Si za bei rahisi na utaagiza nje. Ukipata ya kampuni nyingine yenye sifa hizo, sawa tu. Kama kitabu hakisemi, hesabu kwamba haikutenganishwa.

Kuunga kwenyewe ni dakika chache. Garmin nyingi za zamani: bluu inatoa data, kahawia inapokea, nyekundu chanya, nyeusi hasi. Hakikisha kwenye kitabu cha modeli yako, maana wenye milango miwili ya data wana rangi zaidi. Bluu iende kwenye A au chanya ya upande wa kupokea wa adapta. B au hasi ya adapta iende kwenye nyeusi ya plota. Kahawia iache, ifunge mwisho wake vizuri kwa mpira wa kubana kwa joto. Laptopu isikilize tu, isiseme. Sitaki kusikia laptopu ya bosi inamwongoza otopailoti usiku halafu Windows ikaamua kujisasisha.

Kasi ya data, kwa biti kwa sekunde: plota inatoa kwa 4800, AIS inatoa kwa 38400. Ukichanganya, OpenCPN itakuonyesha takataka au haitaonyesha kitu. Ni milango miwili tofauti kwenye programu, kila mmoja na kasi yake. Fungua dirisha la kuangalia data. Ukiona mistari inaanza na $GPRMC basi plota inaongea, ukiona !AIVDM basi kuna meli inasikika.

Kabla ya kuchomeka chochote, pima. Washa plota, mita kwenye DC, mguso mmoja kwenye waya mweusi wa plota na mwingine kwenye nguzo ya hasi ya betri yenyewe. Ikizidi volti 0.2 una muungo mbovu njiani, tafuta huo kwanza, kata, safisha, bana upya. Halafu mara ya kwanza endesha laptopu kwa betri yake, chaja ikiwa nje kabisa. Ikikubali hivyo ndipo uongeze chaja.

Na inveta iondoe. Unatoa volti 12, unazipandisha 230, halafu chaja inazishusha 19, na kila hatua inatema kelele redioni. Nunua kigeuzi cha DC kwa DC kinachotoka 12 kwenda volti za laptopu yako, kipe waya wake kutoka kwenye paneli na fyuzi yake. Lile tundu la kuwashia sigara lina vibati vinavyolegea kila boti ikipiga wimbi. Hata hicho kigeuzi kijaribu: VHF chaneli 16, skwelchi ifungue mpaka isikike, washa, zima, sikiliza. Kikivuma, zungusha waya wake mara kadhaa kwenye pete ya feraiti, na usiulaze pamoja na kebo ya antena. AIS nayo iko palepale jirani, megahezi 161.975 na 162.025, kwa hiyo kelele inayosumbua redio inakula na meli zako za mbali bila wewe kujua.

Tupe modeli ya hicho kipokezi cha AIS. Kama kina tundu la USB chenyewe, usidhani kimetenganishwa. Vingi havijatenganishwa.

Mtwapa_Creek:

Fundi amesema kweli, lakini mimi ningeuliza: waya za nini tena? Kuna visanduku vya Wi-Fi vinavyopokea NMEA na kuirusha hewani. Laptopu inashika mtandao, unaandika anwani ya kisanduku kwenye OpenCPN, lango 10110, kwisha. Hakuna shaba ya data, na simu ya nahodha au tableti inaona vilevile. Boti yetu ni ya NMEA 2000, kisanduku tumekichomeka kwenye uti wa mgongo, yaani kebo kuu ya mtandao, kwa kiungo cha T kama kifaa kingine chochote.

Kwa wenye NMEA 2000: zima umeme wa mtandao, pima ohmu kati ya waya mweupe na wa bluu. Lazima upate karibu 60, yaani vizuizi viwili vya 120, kimoja kila mwisho. Ukipata 120, kimoja hakipo au kimeachia. Ukipata 40, kuna mtu ameongeza cha tatu. Tawi moja, yaani kebo ya kutoka kebo kuu kwenda kwenye kifaa, lisizidi mita 6.

Badilisha nywila ya Wi-Fi siku hiyohiyo. Zile za kiwandani zimeandikwa kwenye kitabu ambacho kila mtu anaweza kukisoma, na wageni hawakosi mmoja mwenye kupenda kuchezea.

Jambo jingine ndugu yangu: kwenye boti ya wazi, laptopu ni mgonjwa anayesubiri siku yake. Maji ya kasi ya injini mbili yanaingia kwenye kibodi kutoka pembeni, sio juu. Kama hamna kibanda, nunueni tableti yenye kava ya maji. Na kama bosi ameskani ramani za zamani, aangalie datumu, yaani msingi wa vipimo ambao ramani imechorwa juu yake. Zilizochorwa kwa Arc 1960 zinapishana na WGS84 ya GPS kwa takriban mita 300 kaskazini na kusini. Mita 300 ni mwamba mzima.

Kijana_wa_Msasani:

Ahsanteni sana wakuu. Kibanda tupo nacho, kidogo lakini kikavu. Nimepima kama Fundi alivyosema. Bati la laptopu na hasi ya betri, inveta ikiwaka: AC 74. Hasi ya plota mpaka betri: 0.9! Nimeufuata waya, muungo wake upo chini ya paneli, umefungwa kwa utepe mweusi tu na ndani una majimaji. Inveta nimeshamrudishia bosi.

Maswali mawili. Kuna jamaa alijaribu kwenye laptopu yake na GPS ya USB, kipanya kikawa kinarukaruka chenyewe na kufungua vitu, akasema ni virusi. Na bosi anauliza: hiyo Wi-Fi ikitumika, si basi hakuna cha kutenganisha?

Fundi_Raskazone:

0.9 ni nyingi sana. Huo utepe mweusi ungekuja kukuletea ileile habari ya Tanga. Kata mpaka ukute shaba inayong'aa, na kama weusi umepanda ndani ya ganda la waya, badilisha waya wote. Tumia waya uliopakwa bati ukipata. Ukimaliza pima tena, huku plota ikiwa na mwanga wa kioo juu kabisa ili itumie umeme wa kutosha.

Kipanya: si virusi. Windows inapowaka ikikuta data inatiririka kwenye lango la serial, wakati mwingine inadhani ni kipanya cha zamani cha serial. Mistari ya GPS inageuka kuwa miondoko ya kipanya. Ingia kwenye orodha ya vifaa, sehemu ya vipanya, utaona kimoja kimeandikwa Microsoft Serial BallPoint. Kilemaze, usikifute, maana ukikifuta kinarudi ukiwasha tena. Au chomeka adapta baada ya Windows kumaliza kuamka.

Wi-Fi: Mtwapa yuko sawa, kwa data hiyo ndiyo njia safi kuliko zote, na kwa boti yenu ningeipendelea. Mwambie bosi lakini kwamba kisanduku chenyewe kinakula umeme wa boti na kimeungwa kwa waya na plota na AIS, kwa hiyo fyuzi yake na muungo mzuri wa hasi viko palepale. Kilichotoka kwenye hatari ni laptopu. Kwa NMEA 0183 hakikisha kisanduku kina mlango wa 4800 na mwingine wa 38400, vingine vina mmoja tu.

Na usiku mkitoka, AIS inalazimishwa kwa meli za tani 300 na zaidi zinazosafiri kimataifa, na za abiria. Ngalawa na mashua za Kunduchi hazina, na taa yao mara nyingi ni tochi ya simu. Punguza mwanga wa laptopu, weka rangi za usiku za OpenCPN, na mtu mmoja awe nje anaangalia maji.

Kijana_wa_Msasani:

Nimekuelewa mkuu. Kesho nabadilisha waya wa hasi wote mpaka kwenye betri, halafu naleta modeli ya AIS na picha ya paneli. Kisanduku cha Wi-Fi bosi amekubali, mradi kiwe na milango miwili.