Naombeni ushauri, rangi ya kabati la jikoni inabanduka

Habari za leo wakuu, nina kabati la mninga aliloniachia marehemu mama, lilikuwa na vanishi ya zamani imeshakuwa nyeusi kwa mafuta na moshi, nikaona nilipige rangi nyeupe mwenyewe. Nilipitisha msasa namba 120 harakaharaka nikafuta vumbi nikapaka rangi ya mafuta koti mbili, praima (ile rangi ya kwanza ya kushikisha) sikuweka maana muuzaji dukani aliniambia haina haja. Sasa haijamaliza mwezi, pale kwenye vishikio ukikwaruza na kucha tu inatoka utepe mzima kama ganda, chini unaona vanishi ileile inang'aa. Milango nayo inanata, asubuhi ukifungua inalia kwaa, na huku Dar unyevu wa kipindi hiki cha masika mnaujua wenyewe.

Fundi mmoja kanishauri nipige msasa juu kwa juu nipake tena, mimi roho inakataa, naona tatizo liko chini sio juu. Je nikwangue yote mpaka mbao ionekane, nioshe mafuta na sabuni, nisubiri ikauke ndo praima? Au nikishafika kwenye mbao niachane na rangi kabisa nipige sanding sila (ile ya kuziba vitundu vya mbao kabla ya vanishi) na vanishi mpya ya mati, isiyong'aa, maana mninga una rangi nzuri sana nimeanza kujuta kuufunika. Na je, kikwanguo na msasa vinatosha au nitafute dawa ya kutolea rangi? Hili kabati nalipenda sana sitaki kuliharibu, aliyewahi kufanya anielekeze tafadhali.