Naomba ushauri: tuzungushie ua shamba la Kitengela au tuwaachie wanyama njia?

Hamjambo ndugu zangu. Mimi naishi South B, ila marehemu baba alituachia ekari 40 upande wa Kitengela, kusini mwa Mbuga ya Nairobi. Mbuga hiyo ya tangu 1946 ina kilomita mraba 117 tu, na ni upande wa kusini pekee ulio wazi. Nyumbu na pundamilia hutokea huko kufuata malisho. Kwetu pia hupita. Juzi asubuhi nilikuta nyayo za pundamilia zimejaa maji ya mvua, hatua chache tu kutoka mlango wa zizi.

Kaka zangu wanataka tukate ploti tuuze. Siwalaumu: simba alituulia kondoo sita usiku mmoja, na shemeji alilia kama aliyefiwa. Lakini naumia nikifikiria waya umeziba njia ile.

Sheria ya wanyamapori ya 2013 inawaruhusu wenye ardhi kuanzisha hifadhi yao. Je, sisi peke yetu tunaweza, au tuungane na majirani? Na mliofunga taa za sola za kuwakawaka zizini, simba wamekoma kweli?

Kikao cha familia ni Jumamosi. Niende na hoja gani?