Mjadala: Fomu ya kupima hatari ya kujiua inamsaidia mwanajeshi mstaafu, au inamlinda daktari?

DadaWaKoplo: Kaka yangu alirudi kutoka Somalia 2013, akastaafu, na tangu hapo hajalala usingizi wa maana. Mwaka jana alilazwa wodi ya akili. Siku ya kuruhusiwa aliulizwa maswali sita ya kwenye fomu, yote akajibu hapana, wakaandika "hatari ndogo". Siku ya tano jirani ndiye aliyemwokoa. Fomu hii ni ya nani?

NesiWaUsiku: Pole sana dada. Ila hilo la kumlinda daktari limeniuma. Usiku tunakuwa manesi wawili na wagonjwa arobaini, na fomu ndiyo inayonilazimisha nimuulize mtu waziwazi kama anawaza kujiua. Wengine huogopa kwamba ukiuliza utampa wazo. Si kweli, tafiti zimeshaonyesha. Wengi hupumua wakiulizwa.

MzeeLanet: Nimetumikia miaka 21. "Niko sawa, afande" tuliijua kabla ya kushika bunduki. Leo kijana mwenye kalamu aniulize mara moja, mlango wazi, nimwambie ndiyo? Halafu nipewe kifungo cha miaka 2 kwa kujaribu kujiua? Na tuseme ukweli, siku hizi kila mtu ana kiwewe cha vita, hata wapishi na madereva.

WakiliMtaani: Mzee, hicho kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, Mahakama Kuu ya Kenya ilishakitangaza kuwa kinyume cha katiba, Januari 2025. Msiwatishe watu, wataogopa kwenda hospitali.

BintiWaDereva: Madereva? Baba yangu aliendesha lori la maji huko. Barabara ndiyo ilikuwa na mabomu, mzee, si jikoni kwako. Na El Adde, kambi ya jeshi letu kule Somalia, Januari 15, 2016, kambi nzima ilivamiwa. Waliovamia waliuliza kwanza nani ni mpishi?

MzeeLanet: Sikumtaja baba yako.

BintiWaDereva: Umemtaja. Miaka minane anaamka usiku kukagua mlango, na hajakanyaga kliniki, kwa sababu wenzake wanasema hivyo hivyo ulivyosema. Wewe ndiye fomu yake ya kwanza, na umeshamwandikia "hatari ndogo".

Kamba_Mbili: Huyu binti aachwe aseme. Mambo ya "nani alipigana kweli" yameua wengi kimyakimya.

NesiWaUsiku: Tunapotea. Nikiri kitu: fomu haitabiri. Kuna uchambuzi wa 2017 uliokusanya tafiti za miaka 50, ukakuta ubashiri wetu unashinda kubahatisha kwa kiasi kidogo mno. Idara ya wastaafu ya Marekani iliamua kompyuta ipekue faili, itoe wale asilimia 0.1 walio hatarini zaidi, kisha mhudumu awatafute yeye mwenyewe.

Kamba_Mbili: Huku kwetu faili lenyewe linapotea kati ya dirisha la malipo na la dawa.

DadaWaKoplo: Nesi, kwa hiyo unakubaliana nami.

NesiWaUsiku: Nusu. Kosa si kuuliza. Kosa ni kuuliza mara moja, kuandika "ndogo", na kumfungulia geti. Wiki za kwanza baada ya kutoka wodini ndizo mbaya kuliko zote, na ndizo tunazompa tarehe ya kurudi baada ya mwezi. Alitakiwa atoke na mpango alioandika mwenyewe: dalili zake zikianza zinaanzaje, anampigia nani usiku, nini kiondolewe nyumbani. Na simu siku ya pili. Ya tatu pia.

DadaWaKoplo: Hakuna aliyepiga. Hata mimi hakuna aliyeniuliza, na mimi ndiye niliyekuwa najua kwamba ameanza kugawa nguo zake.

NesiWaUsiku: Hilo la nguo lilitosha kumrudisha kitandani. Ndugu aulizwe siku ile ile.

MzeeLanet: Binti wa dereva, nimesoma tena nilichoandika. Nimekosea kwa baba yako.

BintiWaDereva: Mwambie yeye, si mimi.

DadaWaKoplo: Kliniki ya kaka yangu ni Alhamisi. Anasema akiniona mimi mle ndani hataongea.

MzeeLanet: Kikosi chake usikiandike hapa, nitumie pembeni. Alhamisi nitakaa naye kwenye benchi, na akitaka nitaingia. Binti, na baba yako niulizie kama atanipokea Jumamosi.