Mnara haukuguswa na maji, kwa nini mtandao ulizimika?

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nina hasira.

Usiku wa mafuriko nilimpigia mama mara thelathini na moja. Maji yameshaingia ndani, yuko peke yake, na mimi naambiwa namba ninayopiga haipatikani. Umeme ulipokatika hazikupita hata saa tatu, laini yangu nayo ikafa. Alfajiri ndipo nikajua mama yu hai, kwa mdomo wa jirani yake aliyekuja kwa miguu kuniambia.

Juzi kampuni imetoa tangazo: samahani wateja wetu, ni janga la asili. Janga gani? Ule mnara uko mlimani, umesimama vilevile, maji hayakuusogelea! Umeme ulikatika, betri ikaisha, jenereta hakuna. Kuna mtu alikaa ofisini akapiga hesabu, akaona betri ya maana ni gharama.

Na si jambo geni duniani. Baada ya kimbunga Katrina cha 2005, Marekani ilitaka minara iwe na umeme wa akiba wa saa 8. Saa 8 tu! Kampuni za simu zikakimbilia mahakamani, na 2008 kanuni ikafa kabla ya kuanza kazi. Japani, baada ya tetemeko na tsunami ya 2011, waliweka umeme wa akiba wa saa 24 kwenye minara muhimu. Kumbe inawezekana.

Linaloniuma kuliko yote ni hili. Laini ilipokufa, kioo cha simu kiliandika "simu za dharura tu". Maana yake mnara wa kampuni nyingine ulikuwa hai na simu yangu ilikuwa inauona! Ukisafiri nje ya nchi, laini yako inapokewa na mtandao wa wenyeji, na bili wanajua wenyewe watakavyogawana. Usiku watu wanazama, eti haiwezekani. Marekani mwaka 2022 walipitisha kanuni ya kuzilazimisha kampuni zibebeane wateja wakati wa majanga.

Namwandikia mdhibiti wa mawasiliano wiki hii. Nataka waseme betri ya mnara ule ilikuwa ya saa ngapi, na nani aliikagua mara ya mwisho. Kama nawe ulikatika usiku ule, andika hapa chini ulikatika saa ngapi na ulirudi lini. Nitaambatanisha yote.