Apdeti za kompyuta ya nyumbani: zijipakue zenyewe au mwenye mashine aamue?

Wakuu, shemeji yangu kazima apdeti zote kwenye kompyuta yake. Anasema zinamaliza bando, na kwake hamna cha kuiba. Mimi napinga.

Mnyoo wa mtandaoni, yaani programu haribifu inayojisambaza yenyewe, hausubiri ubonyeze kitu. Agosti 2003 niliuona Blaster kwenye kafe ya intaneti: kiboksi kinatokea, kinahesabu kushuka kutoka sekunde 60, mashine inajizima na kuwaka upya. Ukichomeka tena waya wa mtandao, yale yale. Mhudumu akawa anamgombeza mteja kwa tovuti alizofungua. Maskini, hana kosa! Mnyoo ulipita kwenye tundu la Windows ambalo Microsoft walishalitolea kiraka (apdeti ya kuliziba) Julai 16, siku 26 kabla haujaanza kusambaa. WannaCry, mnyoo mwingine wa 2017, ikawa vilevile: kiraka Machi 14, balaa Mei 12, hospitali za Uingereza zikaahirisha wagonjwa. Kompyuta ya shemeji "isiyo na kitu" ndiyo itakayokwenda kugonga kwa jirani.

Bando Chungu: Mkuu, bando utaninunulia? Juzi nimewasha hotspoti ya simu nitume barua ya maombi ya kazi, GB 2 zimekwisha barua bado ipo kwenye rasimu. Tundu la kiwandani, kuziba nilipie mimi?

Fundi Spana: Bando Chungu, ingia Settings, uiambie Windows kwamba hotspoti hiyo ni ya kulipia. Apdeti nyingi zitasubiri mpaka upate Wi-Fi ya bure. Ila mtoa hoja naye anatutisha kwa mambo ya 2003. Tangu Windows XP SP2 ya 2004 fayawoli, ule ukuta wa kuzuia wanaojaribu kuingia kutoka mtandaoni, inakuja imewashwa. Na mbona hukutaja Welchia? Mwaka ule ule mtu alitengeneza mnyoo wa pili, unaingia bila hodi, unafuta Blaster na kupakua kiraka. Ukajaza mitandao mpaka ikakwama. Wema wa kulazimisha huo.

Mtoa hoja: Welchia umenibana. Lakini ule hakuna aliyeualika. Apdeti ya mtengenezaji unaweza kuipangia saa. Fayawoli nayo, ukiunganisha kompyuta za nyumbani zipeane mafaili, umeshaitoboa mwenyewe, na WannaCry ilipita kwenye njia hiyo hiyo ya mafaili.

Bando Chungu: Sawa, nimeweka hiyo ya kulipia. Sasa yangu ni Windows 10, viraka vya bure walitangaza mwisho Oktoba 14, 2025, na 11 inaikataa mashine. Hapo mzembe nani?