Zawadi za Idi kwenda Leicester: boksi lina kilo nne na nusu, nimetajiwa bei ya kilo 12

Bibi Cherehani (Tanga)

Asalaam alaykum, na wasio Waislamu habari zenu. Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani. Nina wajukuu watatu huko Leicester, Uingereza, watoto wa mwanangu wa pili. Wa kiume wawili, wa kike mmoja. Kila mwaka nawashonea nguo za Idi na kila mwaka kuzifikisha kunanitoa jasho kuliko kuzishona.

Safari hii nimejitutumua. Kanzu mbili, gauni moja la satini lenye marinda, kofia mbili za viua nilizoshona kwa mkono, tena usiku, maana mchana nina kazi za watu. Mkwe wangu nimemwekea doti mbili za kanga. Nikaongeza kashata za nazi na bizari ya pilau niliyoisaga mwenyewe. Boksi nimelipata dukani kwa jirani, lilikuwa la biskuti, kubwa kidogo, lakini nililitaka hivyo hivyo ili kofia zisibonyee. Tukalipima kwa mizani ya dukani: kilo nne na nusu.

Nikalipeleka kwenye ofisi moja ya kampuni za vifurushi. Kijana akatoa futi, akapima urefu, upana na kimo, akabonyeza simu yake, akasema, "Mama, hili ni kilo 12." Nikamwambia liweke kwenye mizani mwanangu. Akaliweka. Mizani ikasoma 4.5. "Ndiyo mama, lakini kwa hesabu ni 12." Shilingi 840,000! Mimi nimepima watu kwa futi miaka thelathini na sijapata kumtoza mteja kitambaa cha kivuli chake.

Nikabeba boksi langu nikarudi nalo kwa bajaji.

Jambo la pili. Mwaka jana nilipeleka mashati ya mwanangu na kanga, mzigo ukafika salama. Miezi minne baadaye mkwe linamponyoka neno kwenye simu kwamba walilipa pauni 31 ndipo wakapewa. Mwanangu alinificha. Sasa hii ni zawadi gani ambayo anayepewa analipa? Naombeni mwenye ujuzi anieleze. Idi imebaki kama wiki tano.

Mwana wa Pangani (Leicester)

Shikamoo mama. Hujaibiwa, ingawa najua inavyouma. Huo unaitwa uzito wa ujazo. Ndege hujaa nafasi kabla haijajaa uzito, kwa hiyo kampuni za vifurushi hukutoza ule mkubwa kati ya kilo za mizani na kilo za ukubwa wa boksi. Chukua sentimita za urefu mara upana mara kimo, gawa kwa 5,000. Naamini boksi lako lilikuwa kama 50 kwa 40 kwa 30. Hapo ni 60,000, ukigawa unapata 12. Ulikuwa unalipia hewa, mama, kilo saba na nusu za hewa.

Tafuta boksi la 40 kwa 30 kwa 18. Hilo linatoa 4.3, na hapo utatozwa uzito wako halali. Usipolipata, likate hilo hilo la biskuti. Chana pembe nne kwa kisu mpaka kimo unachotaka, kunja mbavu ndani, piga solatepu. Wewe fundi, hiyo kazi ya dakika kumi.

Kabla ya kurudi kwa yule kijana, pita Posta uulize EMS, huduma yao ya vifurushi vya haraka. Mimi mara mbili nimetumiwa kwa EMS kutoka Pangani, walipima kwa mizani tu. Wanakupa namba yenye herufi mbili, tarakimu tisa, na TZ mwishoni. Ikishafika huku inapokelewa na Parcelforce, kampuni ya vifurushi ya huku, na namba ni ile ile, kwa hiyo mwanao anaifuatilia.

Kuhusu pauni 31, hebu nikuulize, kwenye fomu uliandika nini?

Bibi Cherehani (Tanga)

Marahaba mwanangu. Niliandika "Nguo", thamani dola 150. Thamani yenyewe haikufika hapo. Nilidhani nikiandika kubwa, ukipotea watanilipa vizuri.

Mwana wa Pangani (Leicester)

Hapo ndipo ulipojikata na mkasi wako mwenyewe, mama yangu. Dola 150 ni kama pauni 115 na ushee. VAT ya huku ni asilimia 20, hiyo pauni 23, halafu kampuni iliyoufikisha mzigo inaweka ada yake ya kushughulikia forodha. Ndiyo 31 yako hiyo.

Sheria ya Uingereza kwa zawadi iko hivi. Zawadi ya mtu kwa mtu, isiyozidi pauni 39, haina VAT. Kwa kima cha sasa hiyo ni kama laki moja na ishirini na kitu. Ikizidi hapo wanatoza thamani yote, si ile ziada tu. Lakini, na hili watu wengi hawalijui, boksi moja likiwa na zawadi za watu mbalimbali, kila mtu ana pauni 39 zake, MRADI kila zawadi imefungwa peke yake, ina jina la mwenyewe, na imeorodheshwa peke yake kwenye fomu. Wewe una wajukuu watatu na mkwe. Vifurushi vinne ndani ya boksi moja.

Fomu ya forodha ni CN23. Tia alama penye zawadi. Usiandike "Nguo". Andika "kanzu ya pamba ya mtoto, 1", uzito wake, thamani yake. Ikiwezekana andika kwa Kiingereza ili wa huku asome. Na nguo za watoto hapa hata dukani hazina VAT, kwa hiyo ikijulikana wazi ni za watoto ni heri kwako mara mbili.

Marashi usitie, spiriti yake hairuhusiwi kwenye ndege kwa njia ya posta. Samli, siagi, jibini, nyama, hivyo usijaribu. Kashata kavu na bizari mimi nimepokea bila tatizo, ila zifunge vizuri isije kanzu ikanukia bizari mpaka Idi ijayo.

Jumbe Asiye na Eneo

Mnajisumbua. Kanzu inauzwa huko huko Leicester, Wahindi na Wasomali wamejaa maduka. Mtumie mwanao laki mbili kwa simu, awanunulie watoto, kwisha. Hesabu ndogo tu hiyo.

Bibi Cherehani (Tanga)

Baba, hesabu yako nimeielewa. Kofia moja nimeikalia wiki sita. Kila kitobo kimezungushiwa uzi kwa sindano namba kumi na miwani yangu ya kusomea. Huyo mkubwa jina lake limo kwenye viua vya ukingoni, ukijua pa kuangalia. Nitafutie duka la Leicester linalouza hiyo nami nitatuma laki mbili.

Jumbe Asiye na Eneo

Nimenyamaza bibi.

Kilo Ishirini na Tatu (Dar)

Mimi niseme habari ya njia ya watu. Wengi mtamshauri bibi atafute msafiri anayeuza kilo. Ni kweli ni rahisi, mtu ana begi mbili za kilo 23, lake moja limejaa, la pili anauza nafasi. Nimefanya sana, kuja na kwenda. Mizigo ya kuja Bongo mawakala wamejaa, wana maghala yao huko London, wanaleta mpaka mapipa na friji kwa meli. Ya kutoka huku kwenda huko ni wachache, ndiyo maana watu wanaangukia kwa wasafiri.

Lakini sikilizeni. Mara ya mwisho dada mmoja alinipa bahasha ya "dawa za mama" tukiwa tayari tumesimama nje ya Terminal 3, nimebakiza saa mbili na nusu. Nikamwambia tuifungue. Akasema ameshaigundisha, nitaichana. Nikasema basi tuichane. Akaichukua akaondoka nayo. Mpaka leo sijui ilikuwa na nini na sitaki kujua. Tangu siku hiyo nabeba kitu nilichokikunja mwenyewe tu. Na msafiri mwenye akili naye atataka kukukagulia mpaka kashata zako, bibi, usikasirike.

Halafu msafiri anaahirisha safari. Mimi niliwahi kubaki na makobazi ya harusi ya mtu mpaka bi harusi akajifungua.

Shela Kwetu (Lamu)

Salaam kwa mama wa Tanga. Nimesoma yote, mmepanga boksi vizuri, lakini hakuna aliyemwambia kuhusu kofia zenyewe, na ndizo zilizomfanya achukue boksi kubwa. Mama, kofia ya viua haiogopi kukunjwa. Ingiza kilele ndani, ilaze bapa kama bahasha, itie katikati ya kanzu. Ikifika, mkweo ailoweshe kwa maji, aipake wanga mwepesi, aivalishe juu ya bakuli linaloenea kichwa cha mtoto, aiache ikauke. Itasimama kama imetoka mkononi mwako. Kofia zetu zimevuka mpaka Muscat kwa namna hiyo tangu enzi za majahazi.

Ila wanga usipake mzito kabla ya kutuma. Mkunjo wa wanga mkavu unakata uzi.

Mdau wa Minnesota

Naongezea kwa wenye ndugu Marekani, msije mkatumia hesabu za Uingereza. Huku mambo yalibadilika tarehe 29 Agosti 2025. Ule msamaha wa vifurushi visivyozidi dola 800 uliondolewa, posta za nchi nyingi zikasitisha kwa muda kupeleka vifurushi kwa sababu ushuru unatakiwa ukusanywe kabla. Zawadi halisi ya mtu kwa mtu, isiyozidi dola 100, iliachwa bila ushuru. Kwa hiyo neno zawadi na thamani ya kweli ndivyo vinavyokuokoa. Umoja wa Ulaya wao ni euro 45, Kanada dola 60 za kwao. Kabla hujafunga boksi muulize karani wa Posta yako kama njia ya nchi hiyo iko wazi wiki hiyo.

Bibi Cherehani (Tanga)

Wanangu, nimerudi kutoa ripoti.

Boksi nimelikata. 40 kwa 30 kwa 18, nilipima mara tatu, na ubavu mmoja nikauunga kwa uzi wa magunia maana solatepu peke yake sikuiamini. Kofia nimezikunja bapa kama alivyosema mwenzetu wa Lamu, nilifumba macho wakati naingiza kilele. Kila mtoto bahasha yake ya kitambaa, jina lake juu. Mizani ya jirani: 4.2.

Posta wamenitoza 218,000 kwa EMS. Si kidogo. Lakini kati ya hiyo na 840,000 nimeona tofauti ya cherehani nzima ya mtumba.

Fomu ndiyo iliyonichelewesha. Dada wa kaunta alikuwa mpole, akaniwekea kiti. Gauni nikaandika 60,000, kanzu 35,000 kila moja, kanga za mkwe 30,000 na bizari 10,000, kashata nikazigawa kwa watoto. Nikafika kwenye kofia, kalamu ikasimama. Dada akasema, "Mama, andika ungeiuza bei gani." Ningeiuza 70,000, hiyo ndiyo bei ya wateja wangu. Nikaiandika. Kanzu na kofia na kashata hazifiki hata laki na kumi na tano kwa kila mtoto, nikaona tuko ndani ya ile pauni 39. Ila nilipoiona imeandikwa vile, 70,000, pembeni ya neno "cap", nikaikumbuka mikesha yangu yote nikacheka peke yangu pale kaunta.

Mwana wa Pangani, msimbo wa posta wa mwanangu nilikuwa nimeuandika kwa O badala ya sifuri, dada akaniuliza, tukampigia. Kama si hivyo ungefika kwa Wazungu wengine.

Mwana wa Pangani (Leicester)

Alhamdulillah. Mzigo ukifika salama nialike pilau kwa mwanao, tuko mji mmoja.

Bibi Cherehani (Tanga)

Utaalikwa inshallah. Namba inasema leo umetoka Dar.

Sasa kazi iko kwa mkwe. Jana usiku nilimpigia kwa video, nikamwambia ampime kichwa mdogo kwa futi, pale juu ya nyusi. Sentimita 51. Akaenda jikoni kupima mabakuli, namsikia anafungua makabati, watoto wanamfuata nyuma wanauliza bibi anataka nini. La nafaka za asubuhi lilikuwa 46. La saladi 70. Mwisho mkubwa akatoa bakuli la plastiki analochezea bafuni, la bluu. 52. Nimemwambia alioshe vizuri, aliweke juu ya kabati, asiliguse mtu.