Nina digrii ya kemia, PhD ya masoko nitapokelewa kweli?

binti_chumbageni
Habari za jioni wadau, wakubwa shikamooni. Niko hapa Tanga, nina digrii ya kwanza ya kemia, GPA 3.9 kwa tano, nafanya kazi maabara mwaka wa nne huu. Jumamosi huwa naenda Mkinga kwa kina mama wanaotengeneza sabuni ya mwani, kazi yangu kuwapimia pH na kuwasaidia vipimo vya kostiki, basi. Sasa mwaka jana tulipika sufuria moja, nusu tukafunga plastiki kama kawaida, nusu tukafunga karatasi ya kaki na kamba ya katani tukaongeza shilingi 500, tukaenda kuuza Mgandini. Mteja ananusa zote mbili halafu anakwambia hii ya karatasi ndo inanukia zaidi! Na sabuni ni ile ile, nimeipika kwa mikono yangu. Hilo jambo halijanitoka kichwani mpaka leo. Nikaanza kusoma usiku nikakuta kumbe kuna watu wanasomea maswali kama haya mpaka PhD. Kila ninayemwambia hapa nyumbani ananiambia nianze na MBA kwanza, yaani uzamili wa biashara, na hela ya MBA sina. Ni lazima? Na kwenye maelezo ya maombi hii kemia niifiche au?

mwl_raskazone
Marahaba mdogo wangu. Usifiche hata kidogo! Mimi nilitokea fizikia nikasoma PhD ya masoko Marekani, MBA sina mpaka leo. Hapa kwetu vyuo vinataka uzamili kwanza ndo uingie PhD, lakini kule Marekani programu nyingi za masoko zinapokea mtu mwenye digrii ya kwanza, ni miaka minne mitano hivi, na ukichaguliwa ada kwa kawaida wanakusamehe na posho wanakupa. Ugumu ni kwamba nafasi ni chache mno, idara moja inaweza kuchukua watu wawili watatu tu kwa mwaka.

Halafu ujue PhD ya masoko haifundishi kuuza, inafundisha utafiti. Kuna wanaochunguza tabia za wateja, hao wanafanya majaribio na wako karibu na saikolojia, na kuna wanaotumia hesabu, takwimu na uchumi. Swali lako la sabuni ni la hao wa kwanza, ila kemia inakufungulia na huku kwingine. Tafuta modeli ya Frank Bass ya 1969, inaeleza bidhaa mpya inavyoenea, kuna wanaonunua wenyewe na kuna wanaonunua kwa kuona wenzao wamenunua. Ukiiandika ile hesabu utaitambua mara moja, ni ndugu wa mmenyuko ambao zao lake lenyewe ndo linauharakisha. Mimi nilipoiona nilifurahi kama nimekutana na mtu wa kwetu ugenini.

mdau_pangani
Dada naongezea kwa uchungu maana mimi mwaka wa kwanza nilikataliwa kote. Niliandika ukurasa mzima eti napenda biashara tangu mdogo, mama alikuwa na genge, nataka kufungua kampuni, na kumbe wenyewe wanatafuta mtu atakayekuja kuwa mtafiti sasa ukiwaambia kampuni umejimaliza mwenyewe. Mwaka wa pili nikaanza na swali moja, nikaeleza ningelipima vipi, nikasoma kazi za maprofesa wa kila chuo nikasema swali langu linakutana wapi na lao, nikaitwa intavyuu mbili. Anza na ile karatasi ya kaki. Barua za mapendekezo chukua kwa walimu wako wa kemia waliokuona ukifanya utafiti, bosi wa kukusifia unawahi kazini hakusaidii. Na GPA iache kwa tano hivyo hivyo, usiigeuze mwenyewe iwe kwa nne.

binti_chumbageni
Asanteni sana jamani, mmenitoa mbali. Mtihani wa kuombea nafasi je, GRE au GMAT? Na lile jaribio la Mgandini naweza kuliandika kama lilivyo?

mwl_raskazone
Vyuo vingi vinapokea wowote kati ya hiyo miwili, matokeo yanadumu miaka mitano, kwa mtu wa sayansi mimi nasema GRE. Anza hesabu sasa hivi maana maombi mengi yanafungwa Desemba au Januari. Ada ya maombi waandikie uwaombe wakusamehe, wapo wanaokubali.

Jaribio lieleze, ila na kasoro yake uitaje. Mteja alishika zote mbili akaona na bei, kwa hiyo hujui kilichomvuta ni karatasi au zile 500. Rudia. Bei iwe moja, kila mteja mpe sabuni moja tu, rusha sarafu kujua nani anapewa ipi, mwambie unafanya utafiti, akinusa akupe alama ya harufu kati ya moja na saba. Andika kila kitu, hata wasiotaka.

binti_chumbageni
Hapo kwenye bei sikupawaza kabisa, na maabara nisingethubutu kubadilisha vitu viwili kwa mpigo. Kina mama wamebakiza vipande 60 vya sufuria ya juzi. Nimeshawapigia wasivifunge mpaka Jumamosi nifike.